Mtende wa Futari

Kwetu Unguja vuli ni mvua. Ukisikia vuli imeingia, unatega ndoo chini ya mchirizi, unachomeka muhogo wako, unangojea rehema za Mungu. Ibra, nchi ya Waarabu, vuli haina tone la maji. Vuli ya huko ni jua kupunguza ukali: unaamka alfajiri moja umejifunika shuka na hukumbuki umeivuta saa ngapi, na asubuhi yake kila mtu yumo bustanini kwake anageuza udongo. Hilo mimi na mama tulikuwa hatulijui. Hatukujua mengi, na ubaya wetu tulijiona tunajua.

Tulifika katika miaka ya sabiini, mama na mimi. Baba alizaliwa Ibra, akavuka kwenda Unguja angali kijana, akaoa huko, akafia huko. Ndugu yake aliyebaki alikuwa dada yake mmoja, mjane asiye na mtoto, na huyo ndiye aliyetupokea. Mimi nikimwita Amma, kama wanavyoitwa mashangazi huko. Mama akimwita wifi, na Amma akiitika, ingawa neno lenyewe hakujua maana yake. Alijua tu kuwa ni lake. Amma hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji. Mama hakuwa na Kiarabu isipokuwa cha sala. Nikasimama mimi kati yao na Kiarabu changu cha kuokoteza, Amma akinicheka mpaka anashika ubavu.

Nyuma ya nyumba ilikuwako bustani, imezungukwa na ukuta wa udongo, na mfereji wa falaj ukipita pembeni kuleta maji siku ya zamu yetu. Mlikuwa na mindimu, mkomamanga mmoja, majaruba ya mboga yaliyokauka kwa joto la kiangazi, na mitende michache. Mmoja katika hiyo ulikuwa mzee, umeinama kidogo, na tulipofika tende zake zilikuwa bado mtini, nyekundu pyu. Huo ulikuwa sadaka. Bibi yangu, mama yao Amma na baba, aliuweka wakfu kabla ya kufa: tende zake wafuturie watu msikitini kila Ramadhani, thawabu zimfikie yeye kaburini. Ramadhani yetu ya kwanza nilimwona Amma akilipeleka sinia mwenyewe mpaka mlango wa msikiti. Nilitaka kumpokea, akanikatalia. Alitembea polepole, sinia kalishika kwa mikono miwili, na mlangoni akalitaja jina la mama yake ili aombewe.

Sikukuu ilipopita, Amma akapata habari ya msiba kwa jamaa zake Al Qabil. Akapanda gari kwenda kuhani, akatuachia nyumba. Na hapo ndipo mama alipopata wazimu wa kazi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliniambia asubuhi ile, kajifunga kanga kiunoni. "Wifi yangu ana haya, hajanipa jembe. Basi nitalichukua mwenyewe. Tumekula na kulala hapa kama maharusi. Inuka!"

Nikainuka. Nilikuwa nangojea kuitwa kufundisha skuli ya wasichana huko Sur, mji wa pwani, sina kazi, na mimi mtu wa hamaki nikikaa bure nagombana na kuta. Tuliona majirani wanageuza udongo, tukasema na sisi tugeuze. Tumstaajabishe Amma. Akirudi aione bustani yake imeandaliwa, aseme, kumbe wageni wangu ni watu.

Wallahi tulifanya kazi. Tuliyavunja majaruba yale magumu, tukachanganya samadi ya mbuzi, tukazifukua njia za maji zilizojaa mchanga. Makuti makavu tuliyakata na kuyarundika pembeni. Kwenye ghala tulikuta gunia la dagaa wakavu waliotoka Sur, mama akashukuru Mungu kwa sauti. Aliwaosha mchanga, akawapika kwa ndimu na pilipili, tukala mchana na usiku. Walikuwa na mchanga hivyo hivyo, lakini njaa ya kazi haichagui.

Kisha tukaufikia ule mtende mzee. Shina lake chini lilikuwa na chipukizi moja kubwa, limejibanza ubavuni na makuti yake ya miba yamechomoza huku na huku, na udongo umelundikwa kulizunguka mpaka magotini.

"Hebu tazama uchafu huu," mama akasema. "Shina la mnazi wa watu huachwa hivi? Nyoka wakae humo?"

Kwetu mnazi unaoheshimiwa hufagiliwa chini. Magugu hung'olewa, mizizi huonekana, mtu akipita anajua shamba hili lina mwenyewe. Na nazi ndiyo inayoota mnazi. Mnazi hautoi mtoto ubavuni. Tulipolitazama chipukizi lile tuliona gugu linalomnyonya mzee. Nikashika panga alilokuja nalo mama ndani ya sanduku tangu Unguja. Nilipiga mara ya kwanza panga likaruka, miba ikanichoma mkono. Basi nikapandwa na hasira, na mimi kitu kikinikasirisha sikiachi mpaka nimekimaliza. Nilikata, nikang'oa, nikavuta mpaka likabanduka, nikaenda kulitupa juu ya rundo la makuti. Mama akausawazisha ule udongo, akafagia. Shina likabaki jeupe, safi. Nakumbuka nilirudi nyuma nikalitazama kwa furaha.

Rundo tulilitia moto siku iliyofuata, lakini makuti ya chini yalikuwa na unyevu wa samadi, moto ukala upande mmoja ukazimika. Tukasema tutalimalizia kesho yake. Jioni hiyo Amma akarudi.

Tulimpokea mlangoni kama watoto wanaotaka kusifiwa. Nikamshika mkono nikampeleka nyuma. Alipoyaona majaruba akaweka mkono kifuani, akatuombea dua ndefu. Alipoambiwa kwamba dagaa wa ghalani tumewala, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Ya binti, wale ni mbolea! Wale wa kuzikwa kwenye udongo!"

Nikamtafsiria mama. Mama akajipiga paja. "Loo! Tumekula mbolea! Ndiyo maana nimenenepa!" Tukacheka sote watatu, na nadhani hiyo ndiyo saa tuliyokuwa jamaa kweli kweli.

Amma akainuka bado anafuta machozi ya kicheko, akageuka, akauona mtende.

Alikwenda akapiga magoti, akaweka kiganja pale nilipokata kwa panga, pale palipokuwa peupe. Akaniuliza, "Liko wapi?" Nikamwonesha rundo. Akakimbia. Sikuwahi kumwona Amma akikimbia, mwanamke wa umri ule, na hajavua hata barakoa ya safari. Akalifukua kwa mikono katika majivu na makuti, akalitoa. Makuti yake upande mmoja yalikuwa yameungua, na chini ilibaki mizizi kidogo tu iliyokauka, mingine niliiacha shinani nilipokuwa nalivuta kwa hasira.

Ndipo akanieleza, machozi yakimtoka. Mtende hauoteshwi kwa kokwa ukaupata ule ule. Kokwa litakupa mti mwingine, na pengine dume. Mtende unarithiwa kwa chipukizi la ubavuni. Mti mzee kama ule haujazaa chipukizi miaka mingi, na hili lilitoka ukubwani, Amma akalilundikia udongo lipate mizizi yake, akalinywesha, akalingojea likue. Vuli hii, joto likivunjika, ndiyo alikuwa alitenge alipande. Kwa sababu mzee ule haukubakisha siku nyingi, na bibi alisema kwa ulimi wake: sadaka yangu ni mtende huu na watakaotokana nao.

Nilisimama pale, mama ananivuta mkono. "Anasema nini? Mbona analia? Sema!"

"Ni kama mgomba, mama," nikamwambia. "Ule ulikuwa mtoto wake."

Mama aliketi pale pale juu ya udongo alioufagia. "Kama mgomba," akasema. "Yarabi. Kama mgomba, na mimi nimepanda migomba umri wangu wote!"

Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulikuja mwenyeji akaumia.

Tulilipanda jioni ile ile. Amma alichimba shimo karibu na mfereji, hakuniacha nimsaidie, mwisho akakubali. Tulilishindilia udongo, tukalinywesha, akayakusanya makuti yaliyosalia akayafunga pamoja, akauzungushia mche wote gunia na nyuzi za mtende mpaka haukuonekana. Jirani yetu, mzee mwenye bustani ya upande wa pili wa ukuta, alisikia kishindo akachungulia. Alipojua, alimwambia Amma asihuzunike, kwake machipukizi ni tele, achague analolitaka. Amma akamshukuru. Kisha akasema, "Mama hakuweka wakfu mtende wa jirani," na mzee akainamisha kichwa, akaondoka.

Usiku huo na siku zilizofuata sikuweza kumtazama usoni. Angenitukana ningepumzika. Angenipiga, afadhali zaidi. Aliniwekea chai yangu kama kawaida, akaniuliza nimelalaje. Na mimi kila nikimeza naona bibi yangu, mtu ambaye sikumwona maisha yangu, amekaa mahali anangojea sinia lake, na mimi nimemfungia mlango. Wengine hukata undugu. Mimi nilikata thawabu za maiti.

Barua ya skuli ikaja, nikaenda Sur. Nilikaa Aija, ng'ambo ya hori la bahari, kwenye nyumba ya mwalimu mwenzangu na mumewe, na kila walipokwenda Ibra mwisho wa wiki walinichukua katika gari yao, tukatikiswa njia nzima tukafika tumekuwa weupe kwa vumbi. Nikifika sipiti ndani. Naenda bustanini kwanza, na viatu vyangu na vumbi langu, nauinamia ule mche uliofungwa.

"Umeshika?" namwuliza Amma.

"Mungu ndiye ajuaye."

"Nifunue nitazame?"

"Usiufunue. Jua litaupiga. Mtu mgonjwa humfunui shuka kila saa."

Bustani nayo ilikuwa inapendeza, kunikera tu. Figili zimejaa, kitunguu kimesimama, kotmiri inanukia mpaka ndani ya nyumba. Mama alipata mbegu za mchicha kwa Mzanzibari mmoja, akaupanda pembeni, na Amma alikuwa akiula kwa kumpendeza wifi yake ingawa uso ulimkunjamana. Wakipika wanasemezana kwa mikono, wanapigana vibao vya mapaja, wanacheka. Mimi nakaa mbele ya sahani. Mkate siugusi. Nikimtazama Amma anavyonawa mikono yake iliyopasuka kwa kuchota maji ya mche ule siku zisizo za zamu, natamani ardhi inimeze. Nilipungua mpaka wanafunzi wangu wakaniuliza kama naumwa.

Katikati ya baridi nilirudi nikamkuta Amma kanisubiri mlangoni. Alinishika mkono akanipeleka. Gunia lilikuwa limefunguliwa kidogo kwa juu, na katikati mlikuwa na kuti jipya, jembamba, la kijani kibichi.

"Umeshika, ya binti," akasema. "Sasa kula."

Nililia, ndiyo, nililia kwa sauti nikamkumbatia mpaka barakoa yake ikapinduka. Nikamgeukia mama nimwoneshe, yeye kainama kwenye mchicha wake, anang'oa magugu ambayo sikuyaona. Chakula cha siku ile nakikumbuka: wali, papa mkavu, na figili mbichi. Nilikula nikaongezwa. Na tangu hapo, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kutamba. Kila mgeni alionyeshwa mtende wangu. Nilikuwa nasimulia kosa langu kwa kicheko, kwamba niliukata kwa panga na ukapona, kwamba dua ya bibi ilikuwa na nguvu kuliko mkono wangu. Amma akisikiliza, akitabasamu, akisema inshallah.

Miaka ikaenda. Mtende mzee ulikauka kichwa, msimu mmoja ukatoa tende chache, msimu wa pili hakuna. Tukauangusha kabla haujauangukia ukuta. Ramadhani hiyo Amma hakupeleka sinia. Nilimwambia, subiri, mtoto wake anakuja. Akasema, subira iko. Alikufa kabla ya vuli nyingine, alfajiri, amelala upande wake wa kulia, na mama aliyekuwa hajui Kiarabu ndiye aliyemtamkisha shahada.

Mwanzo wa miaka ya themanini nilihamishiwa skuli ya Ibra, na kiangazi kile mtende ukazaa kwa mara ya kwanza. Mikungu miwili midogo. Ramadhani ilikuwa imeangukia wakati wa joto, sawasawa na tende kuiva, nami nikaona hii ni bahati iliyopangwa. Kila siku nakwenda kuzitazama. Zilikuwa kijani. Kisha zikaanza kugeuka, na zikageuka manjano.

Nikajiambia ndiyo kwanza zinaanza. Nikangojea wekundu wa ule mtende mzee. Zikazidi kuwa manjano, zikawa manjano ya kukomaa, nyingine zikaanza kulainika nchani na rangi ile ile. Nilisimama chini ya mti ule, nikainua macho, nikaitazama mitende ya jirani juu ya ukuta. Yote imejaa tende za manjano, sura moja na zangu.

Mama alikuwa jikoni anamenya vitunguu thomu. Nilisimama mlangoni.

"Ule mche," nikasema. "Mche nilioukata. Ulikufa?"

Hakuinua kichwa. "Ulikufa zamani. Hata mwezi haukutimia tangu uende Sur. Ulioza katikati, wifi akauvuta kuti likatoka mkononi."

"Na huu?"

"Alikwenda kwa jirani."

"Amma alimkatalia jirani mbele yangu!"

"Alimkatalia," mama akasema. "Kisha akaenda kumwomba."

Nilimjia juu mama yangu, Mungu anisamehe, katika mwezi mtukufu na mdomo mkavu wa saumu. Nilimwambia wamenigeuza mjinga, nimetamba mji mzima, nimecheka mbele za watu. Mama akaniacha nikamaliza. Kisha akafuta mikono.

"Ulikuwa huli, wewe. Kanga ikikuzunguka mara mbili. Ulikuwa ukishuka garini hunipi hata mkono, mbio kwa mti. Wifi akaja hapa nilipokaa. Akanionesha wewe, akavuta mashavu yake ndani hivi. Akaonesha mti. Akaniwekea kidole mdomoni. Unadhani nilitaka mkalimani? Nilimwelewa."

"Lakini sadaka ya mama yake, mama! Alijua imekatika. Alijua!"

"Alijua. Alilia siku nzima chumbani mwake. Nilimkalia mlangoni. Kesho yake akenda kwa jirani akachukua ule mche, tukaupanda sote wawili, tukaufunga gunia lile lile la kwanza."

Miaka yote nilidhani Amma amenisamehe kwa sababu mti ulipona. Kumbe alinisamehe mti umekufa, na kila nilipomsimulia mgeni kwa kicheko alikuwa amekaa pale pale mkekani, anajua mama yake amekatikiwa thawabu, anatabasamu ili mimi nile wali. Nilitamani nimpate japo kwa dakika moja nimbusu ile miguu. Hata hivyo sijui ningemwambia nini. Samahani ni neno dogo mno, na Kiarabu changu kilikuwa bado cha kuokoteza.

Tende tulizikata siku zilipolainika. Zilikuwa tamu. Mama alisema tuzile nyumbani, za wakfu si hizi, hakuna atakayetuuliza. Nilizipanga kwenye sinia la Amma, nikalifunika kitambaa, na kabla ya magharibi nikatoka nalo kwa mikono miwili. Mlangoni pa msikiti alikuwapo mzee anayetandika mikeka ya futari, ndiye aliyekuwa akimpokea Amma miaka yote. Aliliona sinia akalijua. Akafunua kitambaa, akazitazama zile tende za manjano, akanitazama.

"Tumwombee mama yake, kama zamani?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Hizi ni za Amma mwenyewe."

"Na za mama yake?"

"Za mama yake nilizikata mimi."

Mzee alinyoosha mikono akalipokea sinia, akaingia nalo ndani, na nikamsikia anawaambia watu jina la shangazi yangu.